Jicho Jekundu Si la Kubahatisha

Leo naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Masika moja hapa Ifakara, mpwa wangu wa miaka saba aliugua malaria. Homa iliposhuka, jicho lake la kulia likawa jekundu, likitoa machozi na kukwepa mwanga. Dada yangu alikuwa shambani, ng'ambo ya mto, akiamia ndege kwenye mpunga. Mimi, mwenye stashahada na sauti ya kuwashauri wengine redioni, nikaingia duka la dawa nikaomba dawa ya macho. Nikauziwa kichupa bila kuulizwa hata swali moja. Siku ya pili wekundu ukapungua, nikajisifu. Siku ya sita mtoto akaniuliza, "Mjomba, mbona taa ina ukungu?"

Hospitalini jicho lilitiwa rangi, likamulikwa kwa mwanga wa buluu. Juu ya konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, kikaonekana kidonda chenye matawi kama mti. Tabibu akasoma kichupa changu, akatikisa kichwa. Ilikuwa dawa yenye steroidi.

Kidonda kile huletwa na virusi vya herpesi simpleksi, vile vile vinavyoleta malengelenge mdomoni baada ya homa. Je, vinaingiaje jichoni?

Sisi tuliovuka Mto Kilombero kwa pantoni, kabla ya Daraja la Magufuli, tunaweza kuelewa upesi. Pantoni kwanza hugusa ukingo na kufungwa, ndipo mlango hushushwa na mizigo ikapita. Virusi navyo hujishikiza kwanza kwenye nyuzi za sukari zilizo juu ya seli, ziitwazo heparani salfeti. Kisha protini ya virusi iitwayo D hutafuta kipokezi kinachoifaa, kama ufunguo unavyotafuta kitasa chake. Ikikipata, utando wa virusi na utando wa seli huungana, na mzigo wa virusi ukaingia ndani.

Vitasa hivyo mwili haukuviweka kwa ajili ya adui. Kimoja, nektini-1, kazi yake ni kushikanisha seli na jirani yake. Kingine, kiitwacho HVEM, ambacho wanasayansi walikitangaza mwaka 1996, hupitisha ishara za kinga ya mwili. Mwaka 1999 Deepak Shukla na wenzake walionyesha cha tatu: heparani salfeti yenyewe, ikiwa imebadilishwa kidogo. Baadaye, huko Chicago, yeye na wenzake wakaona kwamba hiyo ndiyo njia kubwa ya kuingilia seli za tabaka la katikati la konea.

Basi mwili hauwezi kung'oa vitasa unavyovihitaji. Unategemea walinzi, yaani kinga yake, na ule wekundu wa jicho ni dalili kwamba walinzi wako kazini. Steroidi huwapeleka walinzi nyumbani. Jicho huwa jeupe, nasi tukafurahi, huku virusi vikiendelea kula konea. Daktari wa macho anaweza kuitumia steroidi kwa uangalifu, pamoja na dawa ya virusi. Mimi na wewe hatuwezi.

Dawa ya virusi ipo: asaiklovia. Hiyo haifungi mlango. Huamshwa ndani ya seli na kimeng'enya cha virusi vyenyewe, kisha ikavizuia visizaane. Lakini yafaa itolewe mapema.

Kwa bonde letu jambo hili lina uzito wa pekee. Virusi vikishaingia mwilini hukimbilia mishipa ya fahamu na kulala humo maisha yote, na homa ni miongoni mwa mambo yanayoviamsha. Mwaka 1992 madaktari David Yorston na Allen Foster walichapisha utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania, wakaonyesha uhusiano kati ya kidonda hiki cha jicho na malaria. Kwa hiyo chandarua unachomfungia mtoto usiku huenda kikamlinda na macho pia.

Wazazi wenzangu, jicho jekundu linaloogopa mwanga, hasa baada ya homa, lipelekwe kwa tabibu wa macho siku hiyo hiyo. Maumivu yakiwa madogo yasikudanganye, kwani virusi hivi hufisha hisia za konea. Nanyi wauza dawa, ulizeni kabla ya kuuza. Swali moja tu lingetosha kunigeuza njia siku ile.

Mpwa wangu anasoma ubao kwa jicho la kushoto. La kulia lina kovu jeupe, dogo kama punje ya mchele, katikati kabisa ya njia ya mwanga. Dada yangu hajapata kunilaumu hata siku moja. Ningependa angenilaumu.