Tawi Lililokatwa na Subira ya Ushirika

Hotuba ya Katibu mbele ya Mkutano wa Kuadhimisha Miaka Kumi ya Chama Kikuu



Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya kazi moja tu miongoni mwa kazi za ushirika wetu, nayo ni kukereza vyombo vidogo vya maua kwa matawi ya miti yaliyokatwa au kuangushwa na upepo. Huenda yuko atakayeuliza kwa nini, katika sikukuu kubwa kama hii, tuzungumze habari za kitu kinachoenea katika kiganja cha mkono. Jibu letu ni kwamba ndani ya kitu hicho kidogo limo swali kubwa, ambalo mkutano huu hauna budi kulijibu kabla ya kutawanyika. Swali lenyewe ni hili: Mti unapokauka, nani atakayengoja?

Kwanza yafaa tukumbuke tulikotoka. Kwa miaka mingi wachongaji wa Kenya walitegemea mpingo, na ulipoadimika wakageukia muhugu. Mpingo ni mti mzuri usio na kifani, walakini hukua polepole mno. Mtu aupandaye leo hatauvuna yeye, wala pengine hatauvuna mwanawe. Muhugu nao ulikatwa kwa wingi, hata katika msitu wa Arabuko-Sokoke hapa Pwani. Katika miaka ya 1990 wachongaji na wataalamu wa misitu walianza kuhimizana kutumia miti ipandwayo mashambani na majumbani, yaani mwarobaini, mwembe, mjakaranda na mgrevilea. Njia hiyo ndiyo tuifuatayo sisi.

Wala kukereza si ugeni kwetu. Tangu zamani mafundi wa Lamu na Siyu walikereza miguu ya vitanda na viti, wakilizungusha kerezo kwa upinde, bila mota wala umeme. Leo kerezo huzungushwa na mota, lakini maarifa ni yale yale: mti huzunguka, patasi hutulia, na jicho la fundi ndilo linalopima.

Sasa, matawi yenyewe hutoka wapi? Mwembe uliozeeka hupogolewa ili uzae tena. Mwarobaini hukatwa matawi yanapogusa nyaya za umeme au paa la nyumba. Masika yanapokuja na upepo wa kusi ukivuma, matawi huanguka yenyewe. Zamani yote hayo yalikwenda jikoni kuwa kuni, au yalifukiwa yakawa makaa. Kanuni yetu ni moja na haina msamaha: hatuangushi mti ulio hai kwa ajili ya chombo cha maua. Tena mwenye mti huombwa ruhusa na hulipwa, na kabla ya kusafirisha matawi twauliza ofisi ya misitu habari za kibali.

Mabibi na mabwana, tawi si gogo dogo. Shina husimama wima, bali tawi hulala, nalo huuchukua uzito wake maisha yake yote. Kwa sababu hiyo nyuzi za upande wake wa juu huwa zimevutwa kama kamba, na mara nyingi kiini chake hakiwi katikati. Siku tawi likatwapo, kamba hiyo hulegea, na mti huanza kujipinda. Fundi asiyejua jambo hili hudhani amelogwa.

Tena kuna habari ya maji. Mti mbichi waweza kuwa na maji kadiri ya nusu ya uzito wake. Maji yaliyomo katika matundu ya mti hutoka kwanza, na umbo halibadiliki. Lakini yanapobaki maji kadiri ya sehemu 30 katika 100 ya uzito wa mti mkavu, ndipo mti unapoanza kusinyaa. Nao hausinyai sawasawa. Kwa urefu wa nyuzi husinyaa kidogo sana. Kutoka kiini kuelekea ganda husinyaa zaidi. Na kwa kuzunguka, kama pete inavyozunguka kidole, husinyaa karibu mara mbili ya hapo. Pete ikikaza na kilicho ndani kisikubali, lazima pete ipasuke. Hiyo ndiyo asili ya ule ufa mrefu mnaouona katika kila gogo lililoachwa juani.

Dawa ya ufa ni kukereza mara mbili. Tawi likishafika, ncha zake hupakwa nta au rangi siku hiyo hiyo, kwa kuwa maji hukimbilia kutoka nchani. Mwembe hasa haungoji, maana ukiachwa mbichi chini hushikwa na ukungu wa rangi ya buluu, na wadudu watoboao mbao huuingia upesi. Kisha tawi hukatwa vipande, na kila kipande hukerezwa kikiwa kibichi, maana mti mbichi ni laini kwa patasi. Fundi huchimba tumbo la chombo kwa kekee na patasi, akikiondoa kiini, lakini huacha ukuta mnene wa kadiri ya sentimita moja kwa chombo chenye upana wa sentimita nane. Kiini kilichobaki katika kitako hutobolewa, na tundu huzibwa baadaye kwa kizibo cha mti mkavu.

Baada ya hapo kipande hutiwa katika mfuko wa karatasi pamoja na takataka zake mwenyewe za kukerezea, kikawekwa kivulini mahali pasipovuma upepo mkali. Kila juma hupimwa kwa mizani, na uzito huandikwa kitakoni kwa kalamu ya risasi. Uzito unapoacha kupungua majuma kadhaa mfululizo, kipande kimekauka. Hapo kitakuwa kimejipinda kidogo, si duara tena bali kama yai, na ule unene tulioubakiza ndio utakaotuwezesha kukirudisha kwenye duara. Hukerezwa mara ya pili mpaka ukuta uwe wa milimita nne au tano, hupigwa msasa, hupakwa mafuta au nta, na rangi ya mti hujitokeza: wekundu wa kahawia wa mwarobaini, au michirizi ya kijivu na dhahabu ya mwembe.

Mnunuzi naye aambiwe kweli. Chombo hiki ni pambo. Hufaa kwa maua makavu, masuke na majani ya porini. Atakaye kutia maua mabichi na aweke ndani bilauri nyembamba ya kioo, kwa maana maji yakiingia katika mti, kazi yote ya kukausha imerudi mwanzo.

Afya nayo tusiisahau. Utomvu wa mwembe na wa mkorosho huwasha ngozi ya watu wengi, kwa kuwa miti hiyo ni ya jamaa moja. Hatari iliyo kubwa zaidi ni vumbi. Mwaka wa 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vumbi la mbao ni miongoni mwa vitu viletavyo saratani kwa binadamu. Kwa hiyo kufunika pua na mdomo kwa kifaa kinachozuia vumbi, na kuliacha dirisha wazi, si woga wala si madaha. Ni wajibu wa kila karakana iliyo chini ya Chama hiki.

Sasa twafika kwenye swali letu. Tangu tawi linapokatwa hata chombo kinapofaa kuuzwa hupita miezi, na mti hauharakishwi kwa matusi wala kwa maombi. Lakini mwanachama ana ada ya shule ya kulipa, ana mgonjwa, ana chungu kinachongoja unga. Mchuuzi akisimama barabarani na fedha mkononi, akataka vyombo vilivyokerezwa jana, mwanachama huyo afanye nini? Hatuko hapa kumlaumu. Mwenye njaa hafundishwi subira na aliyeshiba.

Walakini tujue mwisho wa biashara hiyo. Chombo kibichi humetameta siku ya kununuliwa. Kikisafirishwa mpaka nyumba ya Ulaya ambayo wakati wa baridi huwashwa moto mchana na usiku, hewa kavu hunyonya maji yake kwa siku chache, nacho hupasuka juu ya meza ya mnunuzi. Mnunuzi huyo hatasema kwamba fundi fulani alikuwa na shida. Atasema kwamba vyombo vya Pwani hupasuka, naye atawaambia jirani zake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kikishajitembeza kibaya kimoja, vyema mia hukosa mlango wa kupitia.

Basi, mtu mmoja hawezi kungoja. Je, watu wengi pamoja hawawezi? Hapa ndipo tuonapo maana ya ushirika. Wale wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwaka wa 1844, hawakuwa na mali. Walichanga kidogo kidogo, wakauza vitu safi kwa kipimo cha haki, na uaminifu ukawa mtaji wao. Nasi pendekezo letu mbele ya mkutano huu ni la namna hiyo hiyo: sehemu ya ziada ya mwaka huu isigawanywe, bali iwekwe katika mfuko wa ghala la kukaushia, ili Chama kingoje kwa niaba ya mwanachama.

Tutoe mfano. Tuseme chombo kitauzwa shilingi 600. Mwanachama aletapo kipande kilichokerezwa mara ya kwanza, mkaguzi hukitazama kama kiini kimeondolewa na ukuta uko sawa, na papo hapo mwanachama hupokea shilingi 200. Kikikauka naye akakimaliza, hupokea 200 nyingine. Kikiuzwa, hupewa baki baada ya kutoa gharama za Chama. Kipande kitakachopasuka ghalani baada ya kukubaliwa na mkaguzi hakitadaiwa kwa mwanachama. Hasara hiyo itabebwa na mfuko, kwa kuwa hata fundi stadi hawezi kuyajua yote yaliyofichwa katika tawi.

Wako watakaosema kwamba miaka kumi yatosha, na leo ni siku ya kugawana, si siku ya kuweka. Twawaheshimu, maana fedha hizo ni jasho lao. Lakini twawaomba wahesabu pamoja nasi. Gawio la leo likigawanywa kwa wote litakuwa dogo, nalo litaisha kabla ya masika. Mfuko huu ukiwekwa utazunguka mwaka baada ya mwaka, kila chombo kiuzwacho kikirudisha kilichokopwa na chombo kilichotangulia. Na ikiwa mkutano hautakubali, tuambiane waziwazi kwamba tumechagua kuendelea kumwachia mchuuzi apange bei, na ufa upange sifa yetu.

Bwana Mwenyekiti, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Matawi ya mwaka huu yamekwisha kukatwa, nayo yamelala kivulini nyuma ya karakana, yamepakwa nta nchani. Yatakauka kwa wakati wake, tupige kura au tusipige. Lililo mikononi mwetu ni kuamua kama mwanachama aliyeyaleta ataweza kuyangojea.

Kwa maneno hayo twaliweka pendekezo mbele yenu.