Maji Kung'aa Si Kuwa Safi



Mlichanga pesa, mkachimba kisima, mkakijenga kwa mawe na simiti. Maji yanang'aa. Basi mbona watoto bado wanahara? Hapo macho hayatusaidii. Tuulize maabara.

Maabara haitafuti kila ugonjwa. Inatafuta bakteria waitwao koliformu, hasa E. coli, anayeishi matumboni mwa watu na wanyama. Ukiona nyayo za fisi karibu na zizi, huulizi kama amepita. Vivyo hivyo, E. coli akionekana, kinyesi kimeingia majini, na homa ya matumbo au kipindupindu huweza kupitia njia hiyo hiyo.

Fundi huchuja mililita 100 za maji, huweka kichujio juu ya chakula cha bakteria, kisha hukiacha katika joto la nyuzi 44 mpaka kesho yake. Bakteria huzaana, hutokea madoa, naye huyahesabu. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasiwe na E. coli hata mmoja katika mililita hizo 100.

Lakini kazi huanza kwetu. Chupa itoke maabara, ikiwa imeuawa vijidudu. Tusiisuuze, tusiguse mdomo wake wala ndani ya kifuniko. Tuandike mahali, siku na saa. Tuiweke kwenye baridi, ifike ndani ya saa 6 ikiwezekana, isipite 24. Chupa ya soda iliyosuuzwa kwa mkono huenda ikapima uchafu wa mkono, si wa kisima.

Tena tupeleke chupa mbili: moja ya kisimani, nyingine ya mtungi wa nyumbani. Kisima kikiwa safi na mtungi mchafu, basi tusilaumu kisima.

Je, majibu yakiwa mabaya? Tusianze kumnyoshea kidole mwenye choo cha jirani. Kwanza tuchemshe maji ya kunywa au tutie klorini. Kisha pamoja na afisa wa afya tukague: choo kiko upande wa juu? Simiti imepasuka? Ng'ombe wanafika? Turekebishe, kisima kitiwe dawa, tupime tena.

Hata majibu mazuri ni ya siku ile tu. Mvua ikinyesha, mambo hubadilika.

Tunawaomba jambo moja: karatasi ya majibu isilale kwenye mkoba wa katibu. Isomwe mbele ya kila mtu anayekunywa maji hayo.