Daraja la Tshopo: tusingoje lianguke ndipo tuhesabu watu

Hotuba mbele ya vijana wa Kisangani



Leo hatukuja kusema juu ya uchaguzi wala juu ya mutu fulani. Tumekuja kusema juu ya daraja. Kuna wenye watacheka: «Vijana hawa wamekosa kazi, njo sababu wanasema daraja.» Sawa, wacheke. Lakini kiisha kucheka, waulize mama aliyewauzia sombe alivukia wapi asubui.

Sombe, mihogo, ndizi na makala vinavyotoka njia ya Bengamisa vinaingia mjini kwa daraja la Tshopo. Mwanafunzi wa ng'ambo anapita hapo kwenda masomo. Mugonjwa anapita hapo juu ya moto, ameshikwa katikati na ndugu yake. Kamio ya mbao nayo inapita hapo, na toleka, na mutu wa miguu mwenye mzigo kichwani. Wote katika njia moja, na kila mumoja anamwomba Mungu mwenziwe asiteleze.

Angalieni ginsi mji wetu ulivyo. Upande mumoja tuna mto Congo, upande wa pili Tshopo. Ndugu zetu wa Lubunga ni wakaaji wa Kisangani sawa na sisi, lakini wao hawana daraja hata moja. Wanavuka na pirogi kila siku, na mvua ikikamata, kazi inangoja, masomo yanangoja, mama mwenye uchungu wa kuzaa naye anangoja. Wao wanajua thamani ya daraja kwa sababu wamelikosa. Tukiacha daraja la Tshopo liharibike, Kisangani itakuwa na Lubunga mbili.

Wengi kati yetu hatukuwa tumezaliwa, ao tulikuwa wadogo, mwezi wa Juni 2000. Toka tarehe 5 mpaka 10, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wetu. Wazazi wanatuambia ginsi walilala chini ya vitanda siku sita. Mapigano yalikuwa makali sana kwenye daraja hili, juu mwenye kushika daraja anashika mlango wa mji. Watu wetu walikufa. Daraja lilibaki limesimama. Kitu ambacho mabombu hayakuangusha, itakuwa haya kubwa kikiangushwa na uzembe wa wakati wa amani.

Tunapashwa kuelewa ginsi daraja linakufa. Haliangukii siku moja tu. Maji yanachimba chini ya nguzo, mahali ambapo mutu wa juu haoni. Kutu inakula chuma. Kamio yenye tani kupita kipimo inapita, daraja linatikisika kiisha linatulia, watu wanasema liko nguvu. Lakini ndani chuma inachoka, sawa waya unaoukunja na kuukunjua: mara kumi hakuna kitu, halafu unakatika mukononi. Kwa hiyo rangi mpya siku ya ziara ya mukubwa haitengenezi daraja. Anayetengeneza ni fundi anayeshuka chini ya maji kuangalia nguzo, na anayeandika alichokiona.

Sasa, ni kazi ya nani? Musikubali kuzungushwa toka ofisi mpaka ofisi. Mabarabara ya taifa na madaraja yake ni ya Office des Routes. Njia za ndani ya mji ni za OVD. Pesa ya kuzitunza, kuna FONER, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2008. Mufuko huo unajazwa na makato kwenye bei ya mafuta na kwenye malipo ya peaje. Maana yake kila mara motari anaponunua litre moja ya essence, anachanga. Mama wa sombe naye anachanga, juu motari anamuongezea bei. Sisi tunaomba hesabu ya pesa yetu. Hatuombi musaada.

Na kitu kimoja kiwe wazi. Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilihukumu mwaka 2022 kwamba Uganda ilipe inchi yetu dola milioni 325. Tukitaka daraja, asitokee mutu kutuambia: «Basi tukate kwenye pesa ya vita.» Hapana. Mama aliyepoteza mutoto kwenye vita hapashwi kulipia beto na machozi yake. Wahanga walipwe haki yao, na daraja litoke kwenye pesa ya mabarabara.

Tunaomba mambo matano:

1. Mafundi wapime daraja lote, pamoja na chini ya maji, na ripoti ibandikwe kwenye komine zote sita, kwa lugha tunayosoma.
2. Alama ya tani iwekwe pande zote mbili, na kamio inayopita kipimo irudishwe, hata kama ni ya mukubwa.
3. Daraja jipya lipangwe pembeni ya hili, ili la zamani libaki wazi wakati wa kazi. Kufunga daraja bila njia nyingine ni kufunga soko.
4. Jipya liwe na njia ya watu wa miguu na ya toleka, iliyotengwa na magari. Wao njo wengi.
5. Mpango usiishie Tshopo. Uonyeshe ginsi watu wa Lubunga watavuka: bac inayotembea kwa saa inayojulikana, na gile za kuokoa maisha katika kila pirogi.

Sisi pia tuna kazi. Mwenye kamio asibebe kupita kipimo. Na chuma ya daraja, mutu akikuletea kuuza kama mitraye, usinunue. Unanunua kifo cha jirani yako.

Katiba, kifungu cha 27, inampa kila Mukongomani haki ya kuandikia serikali ombi, na serikali inapashwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Makaratasi ya kutia sahihi yako hapa. Mutu asitie sahihi ya mwenziwe, mutu asidanganye umri. Tutahesabu siku moja kwa moja. Miezi mitatu ikipita bila jibu, tutaandika barua kama kifungu cha 26 kinavyosema, kiisha tutatembea mpaka darajani, bila jiwe, bila fimbo, kila mumoja na kopi ya ombi lake mukononi.

Atakayeuliza kwa nini tunasumbuka sasa, wakati daraja lingali limesimama, mumujibu: ni juu lingali limesimama.