Nyumba Imejaa, Sanduku Tupu: Namna ya Kusoma Hesabu za Nyumba za Kupangisha

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mwigobero, Musoma)



Nimepewa nusu saa niseme juu ya hesabu, tena mara baada ya ugali na sangara. Hiyo ni kazi ngumu kwa msemaji na ngumu zaidi kwa msikilizaji. Lakini jambo lenyewe halina budi kusemwa leo, kwa sababu jioni tutapiga kura. Kamati yetu imependekeza tuchange fedha, tujenge nyumba ya vyumba vya kupangisha hapa Mwigobero, na faida yake isaidie sare, madaftari na mahitaji ya wanafunzi wasiojiweza. Nia ni njema na mimi naiunga mkono. Ninaloomba ni moja tu: kabla hatujatoa shilingi ya kwanza, tukubaliane ni hesabu za namna gani tutaletewa kila mwaka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi niliyefanya kazi ya uhasibu zaidi ya miaka thelathini naongeza kwamba hata mali yenye daftari hupotea, kama kila mwaka daftari linaandikwa kwa mtindo mpya.

Nyumba ni mali ya namna yake. Ng'ombe ukimkamua unaona maziwa, na akinenepa unaona unene, wala hakuna mtu anayechanganya maziwa na unene. Nyumba nayo ina maziwa, yaani kodi ya pango, na ina unene, yaani kupanda kwa thamani yake. Shida ni kwamba katika vitabu vya hesabu mambo haya mawili yaweza kuandikwa katika mstari mmoja ulioitwa "faida".

Tuchukue mfano wa kubuni. Nyumba ina vyumba 10, kila kimoja shilingi 40,000 kwa mwezi. Vyote vikikaliwa mwaka mzima, kodi ni shilingi 4,800,000. Lakini vyumba viwili vilikaa tupu miezi sita sita, tukakosa 480,000. Kodi iliyostahili ikawa 4,320,000. Matengenezo, mlinzi, maji na kodi ya jengo vikala 1,300,000. Riba ya mkopo wa shilingi 6,000,000 ikala 900,000. Zikabaki 2,120,000. Hayo ndiyo maziwa.

Mwisho wa mwaka akaja mthamini, akasema nyumba iliyokuwa ya shilingi 40,000,000 sasa ni ya 46,000,000. Huo ni unene wa 6,000,000. Mweka hazina akijumlisha vyote, atasimama mbele yenu na kutangaza faida ya 8,120,000. Mtapiga makofi. Mtu atasimama nyuma na kusema, "Tutoe milioni tano kwa wanafunzi!" Zitatoka wapi, ndugu zangu? Ukuta hautoi noti. Zitatoka katika michango ya mwaka ujao, au katika mkopo mpya.

Sisemi haya kwa kutunga hofu. Nakijua chama kimoja, ambacho sitakitaja jina, kilichogawa thamani ya kiwanja kana kwamba ni kodi. Wanachama walifurahi miaka miwili. Mwaka wa tatu bati zilipoanza kuvuja hapakuwa na fedha ya kununua hata misumari, na wapangaji wakahama.

Nanyi msidhani kwamba kuandika hivyo ni wizi. Ni halali kabisa. Nchi yetu ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha mwaka 2004. Kiwango kinachohusu majengo ya kitega uchumi kinampa mwenye nyumba hiari ya njia mbili. Anaweza kuandika nyumba kwa gharama aliyonunulia, akipunguza uchakavu mwaka hadi mwaka. Au anaweza kuiandika kwa bei ya soko, na kila bei inapopanda au kushuka, tofauti inaingia katika faida au hasara ya mwaka ule. Hivyo basi kampuni mbili zenye nyumba za aina moja, katika mtaa mmoja, na wapangaji wenye kulipa sawasawa, zaweza kutangaza faida zisizofanana hata kidogo, na zote mbili zikapata hati safi ya mkaguzi.

Wenye hisa za kampuni za nyumba katika masoko makubwa waliliona tatizo hili kabla yetu. Marekani, mwaka 1991, chama cha kampuni za majengo kilikubaliana kipimo kimoja: chukua faida, rudisha uchakavu wa majengo, ondoa faida au hasara ya kuuza majengo, ndipo uone biashara ya kupangisha imeleta nini. Ulaya, chama cha wenzao kinachoitwa EPRA, kilichoanzishwa 1999, kilitunga vipimo vinavyofanana kwa kampuni zote zinazovifuata: mapato ya kupangisha bila kupanda wala kushuka kwa bei, thamani halisi ya mali baada ya madeni, kiasi cha nafasi tupu, uwiano wa gharama, na uwiano wa mkopo kwa thamani ya nyumba.

Faida ya vipimo hivyo ilionekana wazi katika hesabu za mwaka 2023. Kampuni ya Ujerumani iitwayo Vonovia, yenye nyumba za kuishi zaidi ya laki tano, ilitangaza hasara ya zaidi ya Euro bilioni 6. Asiyejua angedhani wapangaji wamekimbia. Kumbe nyumba zilikuwa zimejaa na kodi ilikuwa inalipwa. Riba zilikuwa zimepanda, bei za majengo zikashuka, na wathamini wakaandika walichokiona. Aliyesoma mstari wa mwisho peke yake aliona msiba. Aliyesoma vipimo vya kupangisha aliona biashara inakwenda, ila madeni yake yanahitaji uangalifu.

Na kwetu Afrika Mashariki? Mwenye nyumba mkubwa tuliyemzoea ni Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa 1962. Mwaka 1971 majengo mengi yalitwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na 1990 ofisi hiyo ikaunganishwa na Shirika. Shirika ni mali ya umma na haliuzi hisa zake sokoni. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo 1998, limejulikana zaidi kwa mabenki, bia, sigara na saruji kuliko kwa nyumba za kuishi.

Wenzetu wa Kenya wametangulia. Mwaka 2013 kampuni ya kujenga makazi iitwayo Home Afrika iliingia katika soko la Nairobi kwa shilingi 12 za Kenya kwa hisa. Baadaye hisa hiyo ilishuka hadi chini ya shilingi 1. Mwaka 2015 ukaja mfuko wa majengo wa Fahari kwa shilingi 20 kwa kipande. Nao ulishuka chini ya shilingi 10, na 2024 uliondolewa katika soko kuu. Sisemi vitabu vyao vilikuwa na kasoro. Nasema wanunuzi wengi hawakuwa na kipimo kimoja cha kuwalinganisha. Home Afrika ilikuwa inajenga na kuuza. Fahari ilikuwa inapangisha majengo ya biashara. Mapato ya anayeuza huja kwa mkupuo, ya anayepangisha huja kidogo kidogo. Kuwapima kwa neno "faida" pekee ni sawa na kupima dagaa kwa futi.

Sasa turudi mwaloni kwetu. Pendekezo langu ni kwamba kila mwaka Kamati itoe ukurasa mmoja wenye mistari sita, na mpangilio wake usibadilishwe ila kwa kura ya mkutano mkuu.

Kwanza, mapato ya kupangisha baada ya gharama na riba, bila thamani ya kiwanja. Katika mfano wangu ni 2,120,000.

Pili, kodi iliyostahili na kodi iliyopokelewa, zikae bega kwa bega. Wapangaji wengi wa hapa wanaishi kwa ziwa. Wakati wa giza dagaa hupatikana na kodi hulipwa. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazina kazi na mwenye nyumba husubiri. Tarehe 30 Juni ya mwaka huu yaweza kuangukia gizani, ya mwakani ikaangukia mbalamwezi. Tukiona namba moja tu tutadanganyika. Katika mfano wetu, kama wapangaji watatu wanadaiwa miezi mitatu, basi 360,000 ya mapato yale bado iko mifukoni mwao.

Tatu, nafasi tupu: tulikosa 480,000 katika 4,800,000, yaani 10 katika kila 100.

Nne, gharama: 1,300,000 katika kodi ya 4,320,000, yaani kama shilingi 30 katika kila 100.

Tano, thamani ya nyumba, jina la mthamini, na deni lililobaki. Nyumba ya 46,000,000 yenye deni la 6,000,000 inatuachia 40,000,000. Huo ndio unene, na ukae peke yake katika mstari wake.

Sita, kodi ya vyumba vilevile vya mwaka jana. Tukiongeza vyumba vitano vipya, kodi yaweza kupanda kutoka 4,320,000 hadi 6,400,000 tukashangilia, kumbe vipya vimeleta 2,300,000 na vile kumi vya zamani vimeshuka hadi 4,100,000. Hapo nyumba ya zamani inaumwa, na hatutajua mpaka tuilinganishe na nafsi yake.

Aidha, msaada wa wanafunzi utoke katika mstari wa kwanza tu, tena baada ya kuondoa malimbikizo ya wapangaji na kuweka akiba ya bati. Najua hili litatuumiza. Mwaka wa kwanza huenda tukasaidia wanafunzi watano badala ya ishirini. Wako wanachama walioniambia asubuhi hii kwamba nazima moto wa watu kuchanga. Nawajibu kwa heshima: mtoto aliyeahidiwa sare Kidato cha Kwanza akakatiwa Kidato cha Tatu ameumizwa kuliko ambaye hakuahidiwa. Heri watano tutakaofika nao Kidato cha Nne.

Nanyi wanafunzi, msiseme haya ni ya wazee. Jioni hii kila mwanachama atakuwa na karatasi ya makadirio ya Kamati. Waombeni Kamati nakala, mkae na mwalimu wenu wa hesabu, mtenge maziwa na unene, kisha mtuletee mlichokipata. Fedha hizi ni kwa ajili yenu. Mna haki ya kuzihesabu.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mistari hii sita iwekwe katika kumbukumbu za mkutano na ipigiwe kura kabla ya pendekezo la kujenga, si baada yake.