Paroko Aliyegeuza Gari

Msikilizaji, ukipanda kilima cha Gisozi hapa Kigali, kwenye Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari yaliyofunguliwa Aprili 2004, utafika kwenye chumba ambacho watu hukipita kimya. Picha zimening'inizwa kwenye nyuzi, zimeletwa na jamaa: huyu anacheka, yule kavaa suti ya harusi. Nje, chini ya mabamba ya zege, wamezikwa watu zaidi ya 250,000.

Mwaka 1994, nchini kote, maelfu ya Watutsi waliuawa makanisani walikokimbilia. Ndiyo maana ukitaja padri wa mwaka ule, anayekusikiliza anataka kujua ni padri yupi. Kule Nyange kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu waliojihifadhi ndani, na padri wa pale, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, mwaka 2008. Kule Mukarange, Padri Jean Bosco Munyaneza, Mhutu, alikataa kuwaacha Watutsi waliomkimbilia. Aliuawa pamoja nao.

Leo namkumbuka Vjeko Ćurić, Mfransisko kutoka Bosnia, aliyefika Rwanda mwaka 1983 akiwa na miaka 26, akawa paroko wa Kivumu, karibu na Gitarama. Tunapenda kusema "padri wa maskini" kana kwamba ni sifa ya upole. Mimi naona ni mazoea. Mtu aliyekaa miaka kumi na moja na wakulima, akiijua lugha yao, akijua nyumba ipi ina njaa, hasubiri siku ya hatari ndipo aamue yuko upande gani. Wanaotafutwa kwa mapanga ni watu anaowaita kwa majina.

Aprili 1994 Wazungu walihamishwa haraka. Ćurić aliwasindikiza wageni wenzake hadi mpaka wa Burundi, kisha akageuza gari, akarudi Kivumu. Hapo, msikilizaji, ndipo ninaposimama kila nikimfikiria. Mpaka uko mbele yake, ruhusa anayo, na hakuna ambaye angemlaumu.

Akaanza kuwavusha Watutsi kwa lori, amewaficha chini ya mzigo, akipita kizuizi kimoja baada ya kingine. Mpekuzi anazunguka gari na panga mkononi. Chini ya mzigo mama anamziba mtoto mdomo. Akitoka Burundi, lori lile lile lilirudi na chakula cha wenye njaa.

Sinema ya Shooting Dogs, ya mwaka 2005, ilichota katika maisha yake, lakini ikamfanya mzee Mwingereza na kumweka Kicukiro, hapa Kigali. Ćurić halisi alikuwa kijana wa miaka 37.

Vita vilipokwisha hakupumzika. Alijenga nyumba za wajane na yatima, akawasaidia Watutsi na Wahutu vilevile, jambo gumu katika miaka ile ya majonzi na kushukiana. Tarehe 31 Januari 1998 alipigwa risasi ndani ya gari lake, hapahapa Kigali.

Alizikwa Kivumu, kwa waumini wake. Kijijini hapo ipo shule ya ufundi yenye jina lake, na vijana wa familia zisizo na kitu wanajifunza useremala, uashi na ushonaji.