Siku Saba Hazitoshi
(Maneno ya mjumbe mbele ya mkutano wa tawi)



Leo nasema juu ya wenzetu wenye seli mundu, ugonjwa wa damu ambao mtu hurithi kwa baba na mama.

Kuna kirusi kiitwacho parvo B19, kilichogunduliwa London mwaka 1975. Wengi wetu tulikipata utotoni tukadhani ni homa tu. Kirusi hiki huzuia uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu za damu kwa muda wa juma moja hivi. Mimi na wewe hatutambui kitu, maana chembe zetu huishi siku 120. Chembe za mwenye seli mundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Akiba yake huisha upesi, akapelekwa hospitali kuongezwa damu. Tena wako wachache ambao figo zao huharibika baadaye, na hao hawarudii nguvu zao. Halafu nyapara asema ni wavivu!

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mgonjwa mwenye cheti cha daktari siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara, kwa mwaka. Mwenye seli mundu aweza kuzimaliza kwa maumivu yake ya kila mara kabla kirusi hakijamfikia. Lakini sheria yasema zisipungue hizo, haikukataza kuzidisha. Basi tutakapokaa na matajiri kwa mapatano mapya, nataka tudai siku zaidi kwa wagonjwa hawa. Anayeniunga mkono ainue mkono.