Upendeleo wa Kisiasa na Usahihi wa Habari: Magazeti Yanavyoziandika Migori na Homa Bay



Nitaanzia Awendo, Migori, kwa sababu mmoja wa wanahabari waliolichambua suala la upendeleo wa magazeti kwa ukali zaidi nchini alitoka huko. Philip Ochieng, aliyetuaga Aprili 2021, aliandikia Nation, akafanya kazi Dar es Salaam kwenye gazeti la serikali ya Mwalimu Nyerere mapema miaka ya 1970, kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 akawa mhariri mkuu wa Kenya Times, gazeti la chama tawala cha wakati huo, KANU. Katika kitabu chake I Accuse the Press, cha mwaka 1992, alishikilia kwamba magazeti ya kibiashara yanayojiita huru nayo yana bwana yanayemtumikia. Gazeti la chama angalau halimfichi bwana wake.

Nakubaliana naye, ila si hadi mwisho. Gazeti kuwa na upande si dhambi. Msomaji akiujua upande huo atajipimia mwenyewe. Lakini upande hauruhusu mtu kubadilisha nani alisema nini, wapi, na kura zilikuwa ngapi. Maoni ya mhariri yana ukurasa wake. Matukio ni mali ya msomaji aliyetoa pesa zake.

Sasa tuje nyumbani. Upendeleo unaotuumiza zaidi Migori na Homa Bay hauhusu gazeti kumpenda mgombea huyu na kumchukia yule. Unatokana na mazoea ya vyumba vya habari vya Nairobi kuzichukulia kaunti hizi mbili kama kura moja ya mtu mmoja. Ziliitwa ngome ya Raila Odinga, kiongozi wa ODM, basi. Mhariri akishaamini hivyo, haoni haja ya kuuliza zaidi, na kosa la ukweli hufuata lenyewe.

Chukueni uchaguzi wa marudio wa urais wa Oktoba 26, 2017. Tume ya uchaguzi, IEBC, iliahirisha upigaji kura katika kaunti nne: Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Ukiandika kwamba Migori haikupiga kura, utaeleweka, na utakuwa umekosea. Kuria Mashariki na Kuria Magharibi zimo ndani ya Migori, na huko watu walipiga kura. Mkuria wa Kehancha anayesoma kwamba kaunti yake yote haikupiga kura amefutwa katika historia ya nchi yake kwa sentensi moja. Mwandishi huenda hakuwa na chuki yoyote. Alitosheka na ramani aliyokuwa nayo kichwani.

Ramani hiyo imekanushwa na wapiga kura wenyewe mara nyingi. Mwaka 2013 Okoth Obado alishinda ugavana wa Migori kwa tiketi ya PDP na kumwangusha mgombea wa ODM. Katika uchaguzi mdogo wa useneta wa Oktoba 8, 2018, ulioitishwa baada ya kifo cha Seneta Ben Oluoch, Ochillo Ayacko wa ODM alishinda, lakini Eddy Oketch, kijana aliyesimama kwa chama kidogo, alipata makumi ya maelfu ya kura. Waliompigia walikuwa na sababu zao: ajira, miwa, ahadi za ugavana zilizokauka. Kuziandika kura hizo kama uasi dhidi ya Raila na kuishia hapo ni kumnyima msomaji habari yenyewe.

Homa Bay inatufundisha jambo jingine, nalo ni kufuatilia. Ushindi wa Gavana Cyprian Awiti wa mwaka 2017 dhidi ya Oyugi Magwanga, mgombea huru, ulifutwa na Mahakama Kuu Februari 2018. Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo Julai mwaka huohuo. Februari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua, Awiti akabaki gavana halali. Katika miezi hiyo yote, aliyeandika kwamba Awiti ameiba kura alikuwa amejifanya hakimu, na aliyeandika kwamba Magwanga ni mshinde mwenye kisirani naye vilevile. Hukumu ya mwisho ilistahili nafasi sawa na ile ya kwanza. Gazeti linalopamba ukurasa wa kwanza kwa kufutwa kwa uchaguzi, kisha likazika kurejeshwa kwake ukurasa wa kumi na nane, limesema uongo hata kama kila sentensi yake ni sahihi.

Ni lazima pia tuseme wazi habari hizi zinapatikanaje. Waandishi wengi wa mashinani hawana mshahara. Hulipwa kwa stori iliyochapishwa. Kutoka Homa Bay mjini hadi Mbita, au kutoka Migori hadi Macalder, ni nauli. Mwanasiasa akitoa gari na pesa ya lunch, stori yake ndiyo inayofika Nairobi, na ya mpinzani wake hubaki barabarani. Kumlaumu mwandishi huyo peke yake ni dhuluma. Kampuni inayomtuma bila nauli ndiyo iliyomuuza kwanza.

Na kazi hii ina hatari. Septemba 2018 mwandishi wa Nation alitekwa Rongo pamoja na mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye mwandishi huyo alikuwa akifuatilia habari yake. Mwandishi aliruka kutoka garini akaokoka. Mwanafunzi aliuawa, mwili wake ukapatikana msitu wa Kodera, Homa Bay. Baada ya hapo nani atashangaa mwandishi wa kijijini akiuma maneno?

Kosa la gazeti halikai gazetini. Asubuhi redio husoma vichwa vya magazeti, na kufikia saa nne jina lililokosewa limeshafika soko la Rongo na ufuo wa Mbita. Marekebisho hayasomwi redioni. Ndiyo maana Kifungu cha 35 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya kusahihishiwa habari za uongo zinazomhusu, kinapaswa kubandikwa katika kila chumba cha habari.

Uchaguzi wa Agosti 2027 unakaribia. Wahariri mlio hapa, nawaomba mambo matatu kabla ya kampeni kuanza: walipeni waandishi wa mashinani nauli, wapigieni simu Kuria kule Migori na Suba kule Homa Bay kabla ya kuandika neno kuhusu kaunti nzima, na marekebisho yachapwe pale pale kosa lilipochapwa.